Kitunguu Kisicho na Harufu

Inspekta Edmond Syauswa alinawa mikono tena, akaikung'uta juu ya beseni na kungoja ikauke yenyewe. Hakutaka kuifuta kwenye suruali, kwa sababu suruali nayo ilikuwa imeshika harufu. Kisha akachukua kichwa kingine kutoka kwenye gunia la vitunguu, akakitumbukiza katika ndoo ya maji safi, akakisugua kwa kidole gumba mpaka ganda la nje likatoka, akakisogeza puani.

Kitunguu. Akakiweka kulia. Akanawa tena.

"Papa inspecteur," mama Tamar alisema akiwa mlangoni mwa ghala, "weye unanawa sawa padri mbele ya kugusa hostia. Sabuni yangu itaisha na gunia haijafika hata nusu."

"Nitakuletea ingine, mama."

"Hapana juu ya sabuni. Ni juu ya batu. Banapita ku njia, banaona polisi anakaa mu bitunguu yangu, anainusa moja moja. Kesho nani atanunua kwangu?"

Edmond aliikung'uta mikono tena. Ghala lilikuwa la mbao, juu ya kilima nje kidogo ya Butembo, na baridi ilipenya kwenye nyufa ikimfikia mgongoni. Aliinama, akachukua kichwa kingine. Kilikuwa kidogo, cheupe, kinene chini na chembamba juu. Alikiosha, akakisugua, akakinusa. Akangoja kidogo, akakinusa tena. Akakikata kwa kisu, akaleta jicho karibu.

Jicho halikuwasha. Puani hakukuwa na kitu zaidi ya harufu ya udongo wenye maji.

Akakiweka kushoto. Kushoto palikuwa tayari na konzi nzima ya vichwa vya namna hiyo.

Cha kwanza alikipata Beni, kwenye sakafu ya jiko la marehemu Lukumani, katika mtaa wa Mulekera. Lukumani alikuwa na malori mawili yaliyopakia mizigo Kasindi. Jioni moja alirudi kutoka mpakani amechoka, akala peke yake chakula alichowekewa, akatapika, akasema moyo wake unatembea polepole kama mtu anayepanda mlima. Daktari alisema vilevile baada ya kumsikiliza, kwamba moyo ulipungua mwendo mpaka ukasimama, na kwamba mgonjwa alikuwa na moyo dhaifu tangu zamani na alikuwa akimeza vidonge kwa ajili yake. Mpishi, mwanamke aliyeitwa Hawa, alikamatwa kabla maiti haijaoshwa.

Wenzake Edmond walikinusa kile kichwa palepale jikoni wakasema ni kitunguu. Kilikuwa kimelala katikati ya maganda ya vitunguu, hata mwiko na kuta vilinuka vitunguu. Edmond alikitia mfukoni. Alipofika nyumbani alikiosha kwa sababu mfuko ulikuwa umechafuka, na ndipo alipogundua kwamba harufu ilikwenda na maji.

Hakuna aliyemfundisha kazi hii kwa mpangilio. Alikuwa karani, akawa polisi, akawa ofisa wa upelelezi kwa sababu aliyekuwepo alihamishwa. Alichojifunza alijifunza kwa kurudia jambo mpaka lionekane. Kwa hiyo siku iliyofuata alikwenda kwenye kasho, chumba cha mahabusu kituoni, akachuchumaa mbele ya Hawa, akamwonyesha kile kichwa.

"Hii ni nini, mama?"

"Kitunguu ya Butembo," Hawa alisema. "Kule ni baridi, kila kitu inakuwaka kadogo. Hata kuku yabo."

Askari wa zamu alicheka. Ulikuwa ni utani wa kila siku wa watu wa Beni juu ya watu wa Butembo, na Edmond mwenyewe, ingawa alizaliwa Butembo, alikuwa ameuzoea.

"Uliipika?"

"Ile kubwa niliweka mu mchuzi. Batoto walikula ule mchuzi. Kadogo nilimukatia papa mu kachumbari, na pilipili na ndimu. Alipendaka mubichi. Na ile kadogo ni muzuri, haikuniliza macho."

Edmond alilishika jambo hilo moyoni. Kisha akauliza swali ambalo kila mtu mjini alikuwa akiliuliza.

"Na weye? Ile siku haukula kitu. Juu ya nini?"

Hawa alitazama sakafu. "Sikukuwa na njaa."

Na hapo ndipo kesi ilipokwama. Fadhili, mdogo wa marehemu, alilirudia jibu hilo barabarani, msikitini na mbele ya kituo cha polisi. "Mupishi asiyeonja chakula yake," alisema, "ni mupishi wa nini?" Vijana walianza kukaa mbele ya kituo tangu asubuhi, kimya, wakila karanga. Kamanda aliwatazama kupitia dirishani, na leo alfajiri akamwambia Edmond kwamba kesho jioni faili litakwenda kwa mwendesha mashtaka, na Hawa atakwenda nalo. Neno la kuandika juu ya faili lilikuwa *sumu*. Mwanamke anayetoka kituoni na neno hilo, akapita katikati ya vijana wale, Edmond hakuwa na hakika kama angefika gerezani.

Vitunguu vya jikoni kwa Lukumani vilitoka kwenye gunia la soko la Beni, ambalo Edmond alikuwa ameshalizuia. Muuzaji alilipata kwa mama Tamar wa Butembo. Ndiyo maana alikuwa hapa, akinawa.

"Mama Tamar," alisema sasa. "Kuja utazame."

Alimpa kichwa cha kulia, kisha cha kushoto, baada ya kumnawisha mikono. Tamar alinusa cha kwanza, akakunja pua. Akanusa cha pili. Akakinusa tena. Uso wake, ambao ulikuwa wa utani tangu asubuhi, ulilegea.

"Hii haiko kitunguu."

"Haiko."

"Donc ni nini?"

"Bado sijue."

"Haujue, mais umetoka Beni mpaka hapa kuninusia magunia." Aliketi juu ya gunia. "Sema tu. Unafikiri mie niliweka?"

"Sifikiri bado," Edmond alisema. "Magunia ingine ya mavuno ile iko wapi?"

"Yote iko hapa. Njia imeharibika, sijatuma ingine tangu ile moja."

"Basi hakuna mutu ataikula. Muzuri. Sasa unionyeshe shamba."

Shamba lilikuwa juu zaidi. Walipanda kwa miguu, Tamar mbele na jembe lake begani. Ukungu ulikuwa umeshuka tangu adhuhuri, na kilima cha pili hakikuonekana. Katikati ya njia Tamar aliuliza bila kugeuka, "Weye ni papa ya nani?"

"Papa Shalom."

"Shalom iko wapi?"

"Ng'ambo ya Kasindi. Na mama yake. Walitoka Beni ile wakati batu walikuwa banakimbia."

"Weye ukabakia."

"Nikabakia."

Shambani mvua za kwanza zilikuwa zimeamsha kila kitu. Vitunguu ambavyo havijang'olewa vilisimama kwa mistari, na katikati yake, hasa pembe ya juu, kulikuwa na majani membamba yaliyolala kama nyasi. Edmond alipiga magoti. Alivunja jani la kitunguu: lilikuwa na uwazi ndani, kama mrija. Akavunja jani jingine lililokuwa limelala. Lilikuwa bapa, halina uwazi, na katikati yake, kutoka chini mpaka nchani, ulipita mstari mweupe.

Alivunja mengine mengi, hapa na pale, polepole, akirudi nyuma na kuanza upya kila alipokosa hakika. Yenye mstari mweupe hayakunuka. Yenye mrija yalinuka yote. Alifukua moja lenye mstari kwa kidole, na chini yake kilikuwepo kichwa cheupe, na kando yake vitoto vyake vidogo kama punje za mahindi.

"Mama, huku pembeni udongo ni mweusi. Huko chini ni mwekundu."

"Ni ya salongo," Tamar alisema. "Tulichimba mufereji hapo juu, ku ukuta ya masista, jumamosi ya kazi ya kila mutu. Udongo ya pelouse yabo, ile bustani ya majani, ilikuwa nyeusi, na mafuta. Huku kwetu, kile umechimba mu salongo ni chako. Bengine walichukua majiwe. Mie nikachukua udongo. Bakaniita mujanja."

"Na haukuona haya majani?"

"Niliona nyasi. Halafu ku mavuno, bamama niliobalipa banang'oa kila kitu. Kubwa mu gunia ya hapa Butembo. Kadogo mu gunia ya Beni."

Edmond aliinua kichwa. "Juu ya nini kadogo ya Beni?"

"Sababu batu ya Beni hawakatae kadogo," Tamar alisema, na kwa mara ya kwanza akaona haya. "Banasemaka kila kitu ya Butembo ni kadogo. Basi tunabatumia kadogo."

Edmond alikaa juu ya visigino vyake. Hakutabasamu. Alitoa simu, akapiga picha ya jani, ya kichwa, ya mpaka kati ya udongo mweusi na mwekundu, akazituma kwa Éliakim, mwalimu wa kilimo mjini, ambaye alikuwa ameahidi kuweka sahihi yake kwenye ripoti kama angeona kitu cha kuthibitisha. Jibu lilikuja upesi. *Kichwa na jani havinitoshi, inspekta. Mimea ya ukoo huo ni mingi, mingine inaliwa. Nataka ua lililofunguka. Bila ua sitasaini, hata kwa ajili yako.*

Alilisoma mara mbili. Lilikuwa jibu la haki. Yeye pia asingesaini.

Alirudi kwenye yale majani, sasa akitafuta maua. Aliona vikonyo vifupi vyenye vichomozo vya kijani, vimefumba kama vidole vya mtoto aliyelala. Alikifungua kimoja kwa ukucha. Kilichanika, kikabaki uchafu mkononi.

"Ukilazimisha haifunguki," sauti ilisema.

Juu ya ukuta mfupi, upande wa pili wa mfereji, alisimama sista mzee aliyevaa sweta juu ya kanzu. Tamar alimwamkia kwa heshima. "Ma sœur Virginie. Ni polisi ya Beni."

"Nimeona polisi. Nimeona pia anatafuta dame d'onze heures wakati wa ukungu." Sista alikuwa na Kiswahili cha shule, kilichotulia. "Haitakupokea leo, mwanangu. Inafungua jua likiwa juu, saa tano hivi. Wingu likipita, inafunga. Ndiyo maana waliipa jina hilo, bibi wa saa tano."

"Nani waliipa jina, ma sœur?"

"Masista weupe. Waliileta ndani ya udongo wa vyungu, au kwa makusudi, sijui. Kule kwao inatoa maua baridi ya mwaka inapoisha. Ilipofika hapa haikukuta miezi yake. Miaka mingine ilikaa majani tu. Baadaye ikajifunza kufuata mvua." Alishika ukuta. "Ua lake ni jeupe, lina ncha sita kama nyota, na mgongoni kila jani la ua lina mstari wa kijani. Ilijaa pelouse yote. Sasa tumejenga kisima pale, haikubaki hata moja. Kama iko, ni huko kwa Tamar."

"Inaliwa?"

Sista alifikiri. "Walikataza ng'ombe wa watu wasiingie kwenye pelouse. Walifukuza hata mbuzi. Sisi novisi, bado wanafunzi wa usista, tuliona ni uchoyo wa wazungu. Hawakutueleza." Alimtazama Edmond. "Kuna mtu amekula?"

"Mutu mumoja. Amekufa."

Sista Virginie alifanya ishara ya msalaba. Tamar hakufanya kitu. Alikuwa amesimama na jembe mkononi, akiitazama ile pembe ya udongo mweusi, na Edmond akaona mikono yake inashika mpini mahali pa kulimia.

"Mama Tamar."

"Nitaing'oa," alisema. "Yote. Leo. Nitaichoma."

"Kesho, mama. Nikiisha kuona ua."

"Kesho batu watajua. Watasema Tamar anatuma sumu ku Beni. Unajua watafanya nini? Watakuja na essence na kiberiti. Niko na nyumba ya mbao, papa Shalom."

"Ninajua."

"Haujue kitu. Uko peke yako. Hauna kitu ya kuchoma."

Simu ya Edmond ikalia, namba asiyoijua. Alitembea hatua chache pembeni ya shamba kabla ya kupokea.

"Ni weye uliacha namba kwa bamama waliokuwa banapika ku matanga?" Sauti ilikuwa ya mwanamke, chini sana. "Ni Hadjara. Bibi ya Lukumani."

"Pole sana, mama."

"Niko mu eda. Siwezi kuonana na banaume ya inje. Mais simu haina uso." Akapumua. "Ulimuuliza Hawa juu ya nini hakukula. Hatakwambia. Atakufa na haya yake. Alikuwa anafunga."

"Ramadhani ilipita, mama."

"Weye ni mukatoliki. Mwanamuke kuko siku mu Ramadhani hawezi kufunga, juu ya mambo ya mwili. Zile siku ni deni ya Mungu. Anailipa nyuma, kimya kimya, siku moja, siku mbili. Hatusemake kwa banaume. Mie nilijua sababu tuliamuka pamoja usiku kunywa maji. Mie nililipa yangu, yeye yake. Hata mie sikukula ile jioni mpaka magharibi, na hakuna aliyeniuliza."

"Fadhili anajua?"

"Nani angemuambia?" Edmond akatazama kama simu imekatika. "Lukumani alisema kachumbari inakuwa chungu. Nikamuambia kula, umezidi kulalamika, kila siku unatoka njiani na maneno. Akakula yote juu ya kunifurahisha. Hiyo pia hakuna aliyeniuliza."

"Ungekubali kusema haya ya Hawa mbele ya mwanamuke mwenzako, akaandika?"

"Akuje mwanamuke, nitasema. Lakini leta ile kitu iliyoua bwana yangu. Bila hiyo watasema ninamuficha."

Simu ilikatika. Edmond alibaki ameishika. Hadjara alikuwa ameeleza njaa ya Hawa, lakini hakuweza kueleza kichwa cheupe. Éliakim angeweza kukieleza, kama angepewa ua. Na ua lilikuwa miguuni mwa mwanamke mwenye jembe.

Alirudi. Tamar alikuwa hajalima, ila alikuwa amesogea hatua mbili karibu na pembe ile.

"Mama," Edmond alisema taratibu, "nikuambie vile ninaona mimi, halafu weye utaamua. Ukiing'oa leo, kuko gunia yako, na kuko kichwa ilitoka mu gunia yako, na hakuna mutu anajua iliingia namna gani. Watasema uliiweka. Ukiiacha mpaka kesho, kuko udongo ya salongo, kuko mufereji iliyochimbwa na mutaa muzima, kuko ma sœur anajua ilitoka wapi. Hakuna mutu aliweka. Inakuwa bahati mbaya."

"Na yule mupishi?"

"Anatoka."

"Jua isipotoka kesho?"

Edmond alitazama ukungu. "Jua isipotoka, sijue."

Tamar alitema mate kando. "Angalau haudanganye." Kisha akaligeuza jembe, akalinyoosha mpini mbele. "Shika. Likikaa kwangu usiku huu nitakuja nalo. Ninajijua."

Edmond alilipokea. "Ile ingine?"

"Ingine gani?"

"Mulimaji wa bitunguu na jembe moja tu, mama?"

Tamar alimtazama, halafu akacheka, kicheko kifupi kilichomshangaza mwenyewe. Alikwenda kwenye kichaka kando ya shamba, akavuta jembe kuukuu lenye mpini uliofungwa mpira, akamwekea juu ya lile la kwanza. "Polisi ya Beni," alisema. "Eti ya Butembo ni kadogo." Akashuka na njia bila kuaga.

Sista Virginie alikuwa ameondoka ukutani. Edmond alidhani ameingia ndani kabisa, lakini alirudi akiwa amebeba kiti cha mbao cha kukunja, akakipitisha juu ya ukuta kwa shida.

"Tulikuwa navyo kumi na viwili," alisema. "Vya kukalia kwenye pelouse jumapili. Hakuna anayekaa tena. Mimi ninabaki na mpishi, naye anakwenda kwake jioni. Keti kidogo kabla ya kushuka."

"Wasingya, ma sœur," alimshukuru.

Aliketi. Alituma ujumbe kwa polisi mwanamke aliyemwamini Beni, Solange, akimwomba aende kwa Hadjara asubuhi na kalamu, aingie kwa mlango wa jikoni. Alituma mwingine kwa kamanda: *Nimepata shamba. Nahitaji kesho mchana.* Kamanda alijibu: *Unayo mpaka jioni.* Alifungua namba ya Shalom, akatazama kama yuko hewani. Hakuwepo. Akaizima simu kutunza chaji yake, kwa sababu picha ya kesho ingeihitaji.

Mbele yake vikonyo vilisimama katikati ya vitunguu vya watu, vimefumba. Alivihesabu mpaka mwanga ulipoanza kumpotezea hesabu. Akachuma majani mabichi ya nyasi, akafuta udongo vidoleni, akavisogeza vidole puani kwa mazoea.

Hakuna harufu.

Aliinuka, akakikunja kiti, akakilaza juu ya ukuta mahali ambapo sista angekiona. Kisha akaweka majembe yote mawili begani, akaanza kushuka kutafuta pa kulala, akigeuka mara kwa mara kutazama upande ambao jua lingetokea, kama lingetokea.